Nafasi Kando ya Mfalme

Kete za sataranji zilikuwa zimesogea. Hakuna iliyoanguka wala kuhama mraba wake. Kila moja ilikuwa imejibana upande mmoja, kama watu wanaosogea kwenye benchi ili mgeni apate pa kukaa.

"Baba, umezigusa hizi?" mshonaji alimuuliza mumewe.

"Nizisogeze zote sawasawa hivi, nami hata kikombe kinanishinda?" Akacheka kwa nusu ya uso.

Mumewe alikuwa mwashi, hadi kiharusi kilipomlaza. Alipoinuka, upande wake wa kulia ulibaki kama nyumba iliyohamwa, mkono ukitetemeka usiku na mchana. Kete ndogo za sataranji yao ya zamani aliziangusha mpaka akaacha kucheza, na alipoacha kucheza akaanza kuacha kusema. Mkewe hakuweza kuuvumilia ukimya ule. Ndipo alipokwenda dukani kutafuta kete kubwa.

"Kwa hizi, mama, ubao ni huu," muuzaji alimshauri, akimsimamisha mfalme katikati ya mraba. "Hajabanwa, hapwayi."

"Nipe ule mpana zaidi. Mkono ukiyumba, usiangushe jirani."

"Ule si wake. Atakuwa kama mtoto ndani ya koti la babu."

"Koti la babu halijaua mtu," mshonaji alijibu, akauchukua.

Na kweli, mumewe alirudi kucheza, akitumia mkono wa kushoto. Akaanza tena kusema. Lakini kete zikaanza kusogea, na alasiri moja, mshonaji akiwa kwenye cherehani chumba cha pili, alisikia kete zikigonga ubao, kisha kimya, kisha zikagonga tena, upande wa pili wa meza.

Akaenda hadi mlangoni. Palinuka chokaa mbichi, katika nyumba isiyopakwa chokaa miaka na miaka.

"Unacheza na nani, baba?" akanong'ona.

Mumewe hakugeuka. "Nacheza nawe. Si umekaa hapa?"

Kiti kilichomwelekea kilikuwa kitupu, na mto wake ulikuwa umebonyea, na mshonaji akiutazama ukazidi kubonyea taratibu, kama mtu anayejiweka sawa kabla ya kazi ndefu, huku farasi mweusi akiteleza pasipo mkono, akapita kati ya kete pasipo kuigusa hata moja, kwa kuwa nafasi ilikuwepo, nafasi ambayo yeye mwenyewe, kwa mapenzi, alikuwa ameichagua na kuileta nyumbani.

Asubuhi aliurudisha ubao. Muuzaji hakumcheka, alimpa ule wa kwanza na kumwambia kwa sauti ya chini, "Usiache pengo popote, mama. Hao hukaa palipo wazi."

Kwenye ubao huo kete zilikaa sawasawa. Harufu ikatoweka, mto wa kiti ukajaa tena. Mshonaji akaketi kwenye kile kiti mwenyewe, akacheka kwa mara ya kwanza tangu alasiri ile.

"Haya, mzee, anza. Leo nakufunga."

Mkono wa kulia wa mwashi ukainuka kutoka pajani. Haukutetemeka. Ukamshika farasi kwa vidole viwili, kwa ulaini wa fundi, ukamsogeza, ukatua mezani ukisubiri.

Machozi ya furaha yakamlengalenga mshonaji, mpaka alipomwona mumewe akiutazama mkono ule kama mtu anayemtazama mgeni kitandani mwake.

"Mama," akanong'ona, "sijauinua mimi."