Dereva wa Zamani

Kila asubuhi, kabla hajawasha mashine ya kopi wala kutundika nje kibao cha picha za pasipoti, Mbodze alikuwa na jambo lake moja. Aliwasha kompyuta, akakamata dirisha moja la kwenye kioo kwa kipanya na kulivuta pembeni. Dirisha lilitikisika, likajipinda, likatulia polepole, kama pazia ambalo mtu amelipita sasa hivi.

"Umepita?" aliuliza kwa sauti ya chini. Kisha ndipo alipofungua mlango wa duka.

Chome ndiye aliyeweka mfumo wa Linux kwenye kompyuta ile na kuyafundisha madirisha kucheza. Alikuwa mchumba wake, dereva wa gari la watalii huko Diani. "Ukiliona linacheza, ujue napita kukuangalia," alimwambia siku moja akicheka. Mwaka jana alifariki kwa ajali barabara ya Msambweni, harusi ikiwa imekaribia. Mbodze hakubaki na kitu kingine cha Chome ambacho bado kilijongea.

Asubuhi hiyo dirisha lilivutika kavu kama ubao. Akalivuta tena. Wapi. Akakumbuka kwamba jana yake alikuwa amekubali masasisho ya mfumo bila hata kuyasoma.

Mlango ulibishwa. Nje, Kona ya Musa ilikuwa imeshachangamka kwa honi na makelele ya wachuuzi, na kizingitini alisimama kijana mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, begi mgongoni.

"Dada, naweza kuprinti hapa? Ama nimekuja wakati mbaya?"

"Karibu." Mbodze alijifuta macho kwa ncha ya mtandio wake wa rangi ya bizari. "Kompyuta imeharibika."

"Si naiona inawaka?"

"Inawaka. Lakini haichezi."

Kijana alicheka, kisha akauona uso wake, akaacha. Aliitwa Munyoki, mzaliwa wa Shimba Hills kwa wazazi wa bara, na alitengeneza kompyuta za mahoteli. Aliinama, akafungua dirisha jeusi la amri, akaandika maneno.

"Ni dereva," alisema. "Programu inayoendesha kadi ya picha. Umesasisha mfumo, sasa hawasikilizani. Bila yeye hizi mbwembwe zote zinazimwa. Nipe namba, nitakupigia nikijua dawa yake."

Akapiga. Akapiga na kesho yake, na kesho kutwa.

"Haloo, fundi."

"Ukiniita fundi nitaanza kukudai."

"Nikuite nani basi?"

"Munyoki. Ama dia, ukikosa lingine."

"Hayo ya bara yaache huko huko."

Walicheka wote wawili. Kisha Mbodze aligeuka upesi kuitazama kompyuta, kama aliyefumaniwa.

Alasiri moja Munyoki alipiga akiwa kazini, furaha imemjaa sauti. "Nimejua shida, Mbodze. Yule dereva wa zamani bado yumo ndani. Alishakufa lakini hajatoka. Mpya hawezi kukaa mpaka huyo aondolewe kabisa."

Mbodze alisimama ghafla. Hakuwahi kumtajia Chome.

"Nani amekupa habari zangu?"

"Habari gani tena?"

"Usinipigie, kaka. Tafadhali."

Akakata. Simu iliita hadi jioni, naye akaiacha iite.

Jumamosi Munyoki alikuja mwenyewe. Hakuingia. Alisimama mlangoni ameshika begi kwa mikono miwili.

"Nimemuuliza Twaiba hapo nje, huyu wa mahamri. Ndiyo kwanza aniambie marehemu mchumba wako alikuwa dereva. Mimi nilikuwa naongea juu ya kompyuta. Haki ya Mungu."

Uso ulimwaka Mbodze. Akauliza kile kilichokuwa kikimtesa. "Ukimtoa huyo dereva, yale aliyoyapanga Chome yatafutika?"

"Hapana. Mapambo aliyoyachagua yako kwenye faili zake, pahali pengine kabisa. Dereva hayagusi. Lakini kioo kitakuwa cheusi kwanza. Usishtuke."

"Basi kaa hapa karibu."

Munyoki akaingia, akaandika amri zake. Kioo kikawa cheusi. Ndani yake Mbodze aliona uso wake, na nyuma yake bega la mwanamume. Akageuka upesi. Lilikuwa bega la Munyoki. Maandishi meupe yalishuka, mashine ikazimika, ikawaka tena. Munyoki akamsogezea kipanya.

"Vuta."

Akavuta. Dirisha likajipinda, likatikisika, likatulia. Mbodze alisubiri kuhisi mtu akipita, kama kila asubuhi. Hakupita mtu. Lilikuwa dirisha tu, linacheza vizuri, vile Chome alivyopenda. Machozi yakamtoka, na Munyoki hakumwambia anyamaze.

Alipotulia, Munyoki alifunga begi lake. "Imepona, madam. Ikisumbua, unipigie."

"Na isiposumbua?"

"Isiposumbua... si ndiyo vizuri?"

Mbodze aliuviringisha mtandio kidoleni, akaufungua. Maisha yake yote maneno ya namna hii yalimfia kooni.

"Nataka uje kesho," alisema, kwa sauti iliyomfikia hata Twaiba pale nje, "hata kompyuta ikiwa nzima hivi hivi. Nataka kukuona wewe."