Ngozi Chini ya Pedeli

Siku zetu pale Shieywe zilianza kwa ufagio. Mimi nilifagia uwanja, mume wangu Cleophas alipiga viatu rangi, na binti yetu Ayuma alimpelekea chai Shangazi Khalayi. Shangazi huyo ndiye aliyemlea Cleophas tangu mama yake alipokufa. Sasa alikuwa mzee, na alikaa kwetu.

Mwaka wa pili wa Uhuru, Cleophas alipandishwa cheo ofisini. Akanunua gari kuukuu la Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Tulichinja mbuzi. Shangazi akalizunguka gari, akalitemea mate kidogo kwenye boneti, kama wazee wetu wanavyobariki. Kila mtu alifurahi. Nami, Nekoye, kwa kutaka kuonekana mke mwema, nikaianika ngozi ya yule mbuzi. Hata haijakauka vizuri, nikaitandika mahali dereva anapoweka miguu. Kwetu mtu wa heshima hutandikiwa ngozi, si gunia.

Jumapili ya tatu tulikuwa tunaenda kanisani. Ayuma alitangulia kufungua lango. Cleophas alikanyaga mafuta kidogo, kisha akainua mguu. Gari halikupunguza mwendo. Lilinguruma, likaenda mbio. Badala ya kukanyaga breki, Cleophas aliinama kuivuta pedeli ya mafuta kwa mkono, macho yakaacha njia. Gari lilimbana mtoto wangu kwenye nguzo ya lango. Hospitalini walimkata mguu wa kulia, chini ya goti. Alikuwa na miaka tisa.

Kidonda hakijapona, lawama ilikuwa imeshapata mwenyewe. Ndugu za Cleophas walisema mate yale hayakuwa ya baraka. Na mimi nilisema, tena kwa sauti kuliko wote. Nilimwambia Shangazi usoni kwamba amenirogea mtoto. Cleophas, mwanamume mzima, hakumtetea. Shangazi alifunga nguo zake, akaenda kwao Iguhu kwa miguu.

Gari lilikaa uani miezi minne, na hakuna aliyelisogelea. Mwishowe Cleophas alimwita Joash, fundi wa magari, alikague ili liuzwe. Joash alifungua mlango, akachungulia chini, akatuita. Ile ngozi ilikuwa imekakamaa. Ukingo wake ulijikunja na kuing'ang'ania pedeli ya mafuta. Aliisukuma pedeli kwa mkono. Ikashuka, isirudi. Akaitoa ngozi, akaisukuma tena. Mara hii ikapanda yenyewe.

“Nani aliweka hii?” akauliza.

“Ni mimi.”

Joash hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alieleza polepole, kama mtu anayefundisha watoto. Mbele ya dereva kusiwekwe kitu kinachoweza kuteleza au kujikunja: si ngozi, si mkeka, si gunia. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, kanyaga pedeli ya mafuta na uiachie, uone kama inarudi. Isiporudi, usiendeshe. Huenda hata springi inayoirudisha juu imechoka.

“Na mafuta yakikwama njiani?” Cleophas akauliza.

“Usiiname. Tazama njia. Kanyaga klachi na breki pamoja, kwa nguvu, wala usiachie. Toa gia. Injini itapiga kelele, iache ipige. Gari likisimama, zima.”

Cleophas aliyarudia maneno hayo mpaka yakamkaa mguuni. Gari hatukuliuza, maana tatizo sasa lilijulikana. Baada ya wiki mbili, tukishuka mlima kutoka Shinyalu, ile springi ya pedeli ilikatika na gari likaanza kukimbia. Mbele yetu wanawake walikuwa wakivuka barabara na mizigo ya kuni. Cleophas alikanyaga klachi na breki, akatoa gia. Tulisimama mbali nao, na hakuna aliyeumia. Wale wanawake walitusalimu tu wakapita.

Gari lilikuwa limekimbia bila mkono wa mchawi; siku hiyo ndipo tulipoona aibu ya kutosha kwenda Iguhu. Tulikwenda na Ayuma na magongo yake. Cleophas alimweleza Shangazi habari yote ya ngozi, nami nikapiga magoti nikaomba radhi. Alitusikiliza mpaka mwisho.

“Huyo fundi asingesema,” akauliza, “mngekuja?”

Mimi nilijua jibu, na yeye Shangazi alilijua.

Aliingia jikoni. Alimpikia Ayuma ugali na kuku, akaketi karibu naye, akamchagulia minofu. Sisi wawili hakutupa hata maji. Kwetu hata mgeni asiyejulikana haondoki hivyo. Tulikaa pale tukitazama chini mpaka mtoto akashiba, kisha Shangazi akatufungulia mlango tutoke.