Kosa Langu, Afande

Fundi cherehani anaishi peke yake. Mbele ni cherehani, nyuma ni kitanda. Katikati pananing'inia pazia alilolishona marehemu mkewe. Kila asubuhi huchemsha chai ya mtu mmoja, lakini mkono hushusha vikombe viwili. Kisha hukirudisha kimoja kabatini.

Fundi ana tabia moja. Mteja akilalamika, hata kama ni mteja mwenyewe aliyenenepa, yeye husema, "Kosa langu, mama. Niachie nirekebishe." Ugomvi unaisha hapo hapo.

Siku moja polisi wawili waliingia. Mezani palikuwa na kitambaa cha bluu. Kililetwa na mteja mgeni, ashonewe suti.

"Kitambaa hiki kimeibwa dukani," alisema mmoja wao. "Tunakukamata kwa kukutwa na mali ya wizi."

Fundi akaondoka nao. Miwani yake ilibaki juu ya cherehani.

Kituoni alikalishwa kwenye benchi. Mahabusu wenzake waliletewa chakula na ndugu zao. Yeye aliangalia ukuta.

Askari wa kike akafungua daftari. "Mzee, tumjulishe nani kwamba uko hapa?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Nina binti, lakini yuko mbali. Ana mambo yake. Sitaki kumsumbua."

"Ni haki yako ndugu yako ajue ulipo. Haya, taja namba."

Fundi akaitaja. Ndiyo namba pekee aliyoijua kwa kichwa.

Mchana, mpelelezi alimwita chumbani. "Kwa nini ulipokea kitambaa cha wizi?"

Ulimi wa Fundi ukafanya kama ulivyozoea. "Kosa langu, afande. Nisamehe."

Mpelelezi akaandika haraka. Akamsogezea karatasi. "Weka sahihi hapa."

Bila miwani, Fundi aliona mistari tu, kama mshono uliofumuka. Akashika kalamu. Akawaza: nikisaini, yataisha. Kwani nani ananingoja?

Mlango ukagongwa. Akaingia mwanamke mwenye mkoba.

"Mimi ni wakili wa msaada wa sheria. Binti yake amenipigia simu. Baba, usisaini kwanza. Umesomewa?"

"Bado, mwanangu."

Mpelelezi akasoma: "Nakiri kwamba nilijua kitambaa ni cha wizi."

"Mimi? Sijasema hivyo!"

"Si umesema kosa lako?"

"Afande, hilo nawaambia hata walionenepa!"

Mpelelezi akacheka bila kutaka. Wakili hakucheka.

"Baba, sikiliza," alisema. "Una haki ya kunyamaza. Una haki ya kuwa na wakili unapohojiwa. Hakuna anayeruhusiwa kukupiga wala kukutisha ili ukiri. Ukiamua kusema, sema lililotokea tu. Usikiri ili kumridhisha mtu. Maelezo yako usomewe, palipokosewa pasahihishwe, ndipo usaini. Tena hawawezi kukuweka humu wanavyotaka. Sheria imeweka muda, na unaweza kuomba dhamana."

Fundi akavuta pumzi. Akaanza upya, polepole. Akaeleza siku mgeni alipokuja. Akasema namba ya simu ya mgeni huyo iko kwenye daftari la vipimo, chini ya urefu wa mikono. Mpelelezi aliandika upya na kumsomea yote. Fundi akasaini.

Jioni hiyo alitoka kwa dhamana. Siku chache baadaye, polisi walimpata yule mgeni kwa namba iliyokuwa daftarini. Fundi akaambiwa hana kesi tena.

Binti alipiga simu. "Baba, ulitaka kunificha?"

"Sikutaka kukusumbua."

"Mimi nasumbuka usiponipigia."

Fundi alibaki ameishika simu hata baada ya kukatika.

Wiki ile akaja mteja, uso umemvimba kwa hasira. "Fundi, umeifupisha suruali yangu!"

"Ko..." Fundi akajizuia. Akachukua futi ya kupimia. "Hebu tupime kwanza."

Jumamosi binti alifika na begi lake. Asubuhi iliyofuata, Fundi alichemsha chai. Mkono ukashusha vikombe viwili. Safari hii hakurudisha kimoja.