Mlango Uliogoma

Semeni aliishi na Bibi na Mjomba Kibwana. Nyumba yao ilikuwa ubavuni mwa mlima, chini ya migomba.

Kila jioni Semeni alisukuma mlango.
Ndi! Mlango ukafungika.
Ndi! Nyumba ikalala.

Kisha mvua ikaja. Chwaa, chwaa, chwaa! Ikanyesha leo, ikanyesha kesho, wala haikuchoka.

Jioni Semeni akasukuma mlango.
Kwiii! Mlango umegoma.
Kwiii! Haufungiki.

Mjomba Kibwana alikuwa seremala. Akacheka.
"Mbao imekunywa mvua, imevimba tumbo! Nipe randa."
Sha, sha, sha! Akauranda. Mlango ukafungika, ndi!

Kesho yake Semeni akausukuma tena.
Kwiii! Mlango umegoma.
Kwiii! Haufungiki.

"Mlango mlafi huu!" akasema Mjomba. Akauranda tena. Sha, sha, sha!

Semeni akachuchumaa, akatazama vizuri. Juu, mlango ulibana. Chini, uliacha pengo. Kuku akapita hapo, kwe-kwe-kwe!

"Mjomba, mlango haujavimba. Nyumba imeinama!"
"Wee Semeni! Nyumba iiname, kwani imeangusha sindano?"

Bibi alikuwa akichambua mboga. Akaziacha.
"Hebu rudia, mjukuu wangu."
"Nyumba imeinama, Bibi."

Bibi akasimama. "Nilipokuwa mdogo kama wewe, mlango wa mama yangu uligoma hivi hivi. Udongo ulikuwa unateleza chini ya nyumba. Kisha mlima ukashuka."

Wakaenda nyuma, kwenye migomba. Ardhi ilikuwa na ufa mrefu, mrefu!

"Wewe unaitwa nani?" akauliza Bibi.
"Semeni."
"Basi sema! Sema kwa nguvu!"

Semeni akachukua sufuria na mwiko. Nge! Nge! Nge!
"Tokeni! Tokeni! Mlima unashuka!"

Majirani wakatoka mbio.
"Msishuke bondeni!" Bibi akawaambia. "Twendeni kando, kule shuleni!"

Lakini Mjomba alikuwa anang'oa mlango.
"Kibwana! Acha mlango!"
"Mama, nimeuranda mara mbili!"
"Mlango utachongwa mwingine. Kibwana hachongwi!"
Mjomba akauacha, akatimua mbio.

Wakafika shuleni wakihema.

Ngrrr... Ngrrrrr... Poromoo!
Mlima ukashuka. Ukabeba migomba. Ukabeba nyumba.

Bibi akaita majina. Kila jina likaitikiwa.
"Semeni?"
"Nipo, Bibi!"

Vigelegele vikapaa. Mjomba akambeba Semeni mabegani.
"Semeni kasema! Semeni kasema!" wote wakaimba.

Mvua ikaisha. Wakajenga upya mahali tambarare, mbali na mlima. Mlimani wakapanda miti ya kushika udongo. Wakachimba mitaro ya kupitisha maji.

Siku moja Mjomba akapiga kelele. Juu ya tope kavu, mlango ulikuwa umelala, mzima!
"Mlafi wangu!" akasema. Akaufuta, akaupachika kwenye nyumba mpya.

Jioni Semeni akausukuma polepole. Kisha akasita.
"Mjomba, na ukigoma tena?"
"Nitaweka randa chini," akasema Mjomba, "nikusikilize wewe."

Semeni akatabasamu, akasukuma.

Ndi! Mlango ukafungika.
Ndi! Nyumba ikalala.