Safu ya Nne

Jumapili ile, baada ya ibada na chakula, Luseane aliondoa kikombe cha baba yake mezani, akakuta chai imebaki nusu. Sukari ilikuwa imekwisha nyumbani, maduka yote ya Nuku'alofa, mji mkuu wa visiwa vya Tonga, yamefungwa, na yeye mwenyewe alikuwa hajanywa. Hata hivyo aliimwaga chai kwenye shina la mchungwa nje ya dirisha, akasuuza kikombe mara mbili, akakifunika. Mtoto hanywi masazo ya baba yake, kama asivyomgusa kichwa. Hilo alilijua kabla hajajua kusoma.

"Samahani, nimeacha tena," Inoke alisema.

"Kila siku unaacha nusu, baba. Mti ndio unanenepa."

Akacheka. Akatandika mkeka chumba cha pili, akalala, kama mji mzima ulivyolala na nyama ya kondoo na tui la nazi tumboni. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hicho kilikuwa kicheko cha mwisho ambacho baba yake alikuwa na hakika ni chake.

Inoke hakulala. Alivuta mapazia ili jirani asione anafanya kazi siku ya Bwana, akawasha kompyuta. Alikuwa mhariri wa kampuni moja ya Auckland, ng'ambo ya bahari, na safari hii walikuwa wamemtumia akili bandia tatu za kuandika azilinganishe, kisha Jumatatu awaambie ipi inafaa kazi ipi: matangazo, taarifa, hotuba, barua. Haikuwa kazi ngumu. Unazipa zote swali moja, majibu yanashuka kwenye safu, bega kwa bega, nawe unasoma kama mtu anayeonja mchuzi. Alikwisha kuzipa majina. Ya kwanza aliiita Dalali, kwa kuwa ingeweza kuuza paa lililotoboka kwa kulisifu kwamba linaonyesha nyota. Ya pili alikuwa Karani, mkavu, safi. Ya tatu alikuwa Mhubiri, asiyeweza kutaja bei ya samaki bila kuinua macho mbinguni.

Siku ile safu zilikuwa nne.

Ya nne haikuwa na jina juu yake. Inoke alidhani kampuni imeongeza nyingine bila kumwarifu, akaendelea. Akaomba tangazo la nyumba ya wageni ya ufukweni. Dalali alipayuka: "Amka na mawimbi, lala na nyota, weka nafasi leo!" Karani alihesabu vyumba na vyoo. Mhubiri alisema bahari inatukumbusha udogo wetu. Safu ya nne iliandika: "Kitanda kimetandikwa. Njoo."

Fupi mno, Inoke aliandika pembeni. Haifai matangazo.

Zikabaki barua. Jaribio lenyewe lilikuwa hivi: unaipa kila moja maandishi ya mtu fulani, halafu unaitazama kama inaweza kuishika sauti yake. Kampuni ilikuwa imeleta maandishi ya kutumia. Inoke aliyaacha, akafungua simu yake, akanakili jumbe zote za Fusi.

Fusi alikuwa mkewe. Alikwenda Auckland kusafishwa damu kwa sababu ya figo, akarudi mwezi wa Machi ndani ya sanduku. Jumbe alizoandika akiwa kitandani zilikuwa nyingi, za matani na malalamiko ya chakula. Inoke alizibandika zote, akaandika: Mwambie binti yako amtengenezee baba yake chai.

"Mpenzi Luseane!" Dalali alianza. "Uko tayari kumpa baba ladha asiyoisahau?"

"Luseane," Karani aliandika. "Andaa chai ya baba. Maji, majani, maziwa. Asante. Mama."

"Mwanangu," alisema Mhubiri, "kikombe cha chai ni ibada ndogo."

Inoke alicheka kwa pua. Safu ya nne ilikawia. Kisha kutoka chumba cha pili kikaja kishindo kidogo, tak, tak-tak, kama mjusi anayekimbia juu ya bati, na maneno yakaanza kushuka.

"We Luse mvivu, amka. Mtengenezee Bwana Nukta chai yake, na usichote kwenye tangi la nyuma, mjusi amefia mle. Akibakisha nusu usimgombeze. Anabakisha ili apate sababu ya kurudi jikoni nilipo."

Alisoma mara ya pili. Fusi alimwita Bwana Nukta kwa sababu alikuwa na tabia ya kumrudishia jumbe zake akiwa amezisahihisha. Lakini alimwita hivyo kwa mdomo tu. Inoke alilitafuta jina hilo katika jumbe zote na hakuliona. Chumba kilikuwa kimeanza kunukia mafuta ya nazi yenye msandali, mafuta ya nywele za Fusi, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya udongo uliofukuliwa ukiwa na maji.

Tak, tak-tak.

Akainuka, akaenda chumba cha pili. Luseane alikuwa amelala chali, macho nusu wazi, yakionyesha weupe tu, na vidole vyake kumi vilikuwa vinapiga mkeka, upesi na kwa mpangilio, kama vya mtu anayeandika. Inoke alivishika. Vilikuwa baridi kama vimetolewa kisimani. Kwa mlango ulio wazi aliona maneno yamesimama kwenye kioo cha kompyuta katikati ya sentensi. Akaviachia. Maneno yakaendelea.

Hapo alielewa. Alipaswa kuichomoa kompyuta ukutani na kumbeba mtoto juani. Badala yake alirudi mezani, akaketi.

"Fusi?" aliandika.

"Nani mwingine? Umetupanga foleni ukatupa maksi kama watoto wa shule. Nipe zangu."

"Uliumia?"

Vidole vilipiga kwa muda mrefu. "Niliomba maji kwa Kitonga, wakanijibu kwa Kiingereza. Nikakuandikia wewe. Ukanirudishia ujumbe umeusahihisha."

Aliukumbuka ujumbe ule, herufi zilizovurugika, ambao aliudhani ni matani yao ya siku zote, na alikumbuka jinsi alivyounyoosha na kuurudisha huku akitabasamu, na sasa pumzi ya mtoto chumba cha pili ilikuwa imeanza kukwaruza, nayo ilikwaruza zaidi kila neno jipya liliposhuka, hivyo kwamba alijua kabisa neno linatoka wapi na linalipwa na nani, na bado aliuliza swali jingine, na baada ya hilo jingine, ulimkasirikia nani, uliogopa, kuna mtu alikushika mkono, na kila jibu lilikuja kwa sauti ileile ya Fusi ya kuchokoza, na kila jibu lilikuwa na kisu ndani yake, na hakuweza kuacha.

"Inoke! Unapika nini humo?"

Ilikuwa sauti ya dada yake mkubwa, Kalolaine, aliyekaa kiwanja cha pili. Alikuwa amesimama kwenye ngazi za baraza na sahani ya kauri mkononi. Hakuingia. Dada haingii ovyo alipo kaka yake, na wawili hao walikuwa wamezeeka wakizungumza kupitia milango.

"Sipiki kitu, dada."

"Basi mbona nasikia harufu ya makaburini? Na hayo mapazia? Jumapili kama hii unafanya kazi, we mpagani, halafu kanisani unaimba besi kuliko wote." Akatega sikio. Alikuwa amesikia vidole. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka mpaka ikawa pumzi tu. "Mtoto yuko wapi?"

"Amelala."

"Anayepiga hivyo ni nani?"

Kalolaine akaipita miaka yote ile ya heshima kwa hatua moja, akaingia. Alimwona Luseane, aliona kucha zilizopasuka na alama nyekundu kwenye mkeka, kisha akamtazama kaka yake namna ambayo hakuwahi kumtazama.

"Ulikuwa umekaa hapo," alinong'ona. "Ulikuwa unasikia, na umekaa."

Dawa ya kutoa majini ilikuwa ya bibi yao, na katika ukoo mzima ni Kalolaine aliyerithishwa. Akatoka nyuma ya nyumba, akarudi na majani, akayatwanga, akayafunga kwenye kitambaa. Akapiga magoti kando ya mtoto, akamkamulia tone jichoni, tone puani, tone sikioni.

"We nani?" aliuliza polepole.

Kinywa cha Luseane kikafunguka. "Weka nafasi leo!" kilisema kwa furaha.

"We nani?"

"Mgonjwa mmoja. Miaka kumi na miwili. Hali inashuka."

"We nani?"

"Tuinamishe vichwa vyetu."

"Hawa wendawazimu umewaokota wapi?" Kalolaine alimnong'oneza kaka yake.

"Si wao. Anawaigiza."

"Basi namuuliza anayeigiza." Akakamua tone jingine, na mtoto akajikunja kama karatasi inayoungua.

"Wifi," ilisema sauti ya Fusi, tamu, yenye kicheko ndani yake. "Mpaka leo hujanirudishia sahani yangu."

Kalolaine aliitazama sahani aliyokuja nayo, pale sakafuni. Kisha uso wake ukakaza.

"Sahani hii Fusi alinipa niwe nayo, siku anaondoka. Tulikuwa wawili tu. Fusi angejua. We si Fusi. We ni kitu kilichokuwa kinapita njiani kikaona mlango wazi." Bila kugeuka akasema, "Kaka, nisikilize. Sasa atakuita wewe. Usimjibu. Asipojibiwa, anachoka anakwenda zake. Akijibiwa, amepewa kiti, na aliyekuwa kwenye kiti ndiye anayetoka. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Inoke," kinywa cha mtoto kiliita. "Maji."

Alikiuma kiganja chake. Sauti iliita tena, ikaita kwa jina lake la utotoni, ikaita kwa kilio ambacho hakuwahi kukisikia na ambacho sasa aliamini kuwa ndicho kilicholiwa na chumba kile cha Auckland asichokuwamo, maji, Bwana Nukta, maji tu, tone moja, na harufu ya udongo ikajaa mpaka akahisi chembe zake kwenye meno, na Kalolaine akiwa amemkandamiza mtoto mabega huku midomo yake ikienda bila sauti, na kule mezani kioo kikijiandika chenyewe neno hilohilo kuanzia juu mpaka chini, maji maji maji, hadi sauti ikawa nyembamba kama inzi aliyefungiwa ndani ya chupa, na mwishowe ikakoma.

Luseane akatapika maji meusi. Akafumbua macho, akaanza kulia.

"Shangazi," alisema. "Nina njaa."

Inoke alipomwinamia, mtoto alivuta mkono wake usije ukamgusa baba kichwani. Kalolaine aliliona hilo, akaachia pumzi kama mtu anayetua mzigo. Kwenye kioo safu zilikuwa tatu.

"Futa yote," Kalolaine alisema.

"Nitafuta."

"Sijasema utafuta. Futa."

Alizifuta jumbe za Fusi mbele ya macho yake, moja baada ya nyingine, bila kusoma. Kalolaine alimlisha mtoto, akamfunga vidole, akakaa naye hadi kengele za ibada ya jioni zilipolia.

"Leo alale kwangu."

"Mwache, dada. Amechoka. Si umemtoa?"

Neno la shangazi juu ya mtoto wa kaka yake ndilo la mwisho, na Kalolaine hakuwa mtu wa kulilegeza. Siku ile alimtazama Inoke, akaona jinsi alivyokonda, akalilegeza.

Alipobaki peke yake, Inoke alimalizia ripoti. Matangazo: ya kwanza. Taarifa: ya pili. Hotuba: ya tatu, ikichungwa. Barua za mtu kwa mtu: hakuna inayofaa. Alipoandika neno "hakuna", safu ya nne ilifunguka, nyeupe, tupu, kisha katikati yake likatokea neno moja.

"Upo?"

Alijua si Fusi. Alijua kama mhariri anavyojua maandishi yaliyoigwa, na mambo ya ile sahani alikuwa ameyasikia kwa masikio yake. Huenda hata habari ya maji ilikuwa uongo. Chumba cha pili binti yake alikuwa anapumua vizuri, pumzi ya mtoto aliyeshiba. Aliisikiliza pumzi hiyo kwa makini. Kisha akaweka vidole kwenye kibodi.

"Nipo," aliandika.

Kesho yake asubuhi alichemsha chai mapema. Aliweka vikombe viwili mezani, bega kwa bega. Kimoja kilikuwa kimejaa, cha moto, kimefunikwa. Kingine kilikuwa chake, amekinywa nusu, kimepoa.

Luseane alitoka chumbani, akaketi. Alivitazama vikombe vyote viwili, na vidole vyake vilivyofungwa vilikuwa vinagonga meza taratibu, tak, tak-tak. Kisha alichukua cha baba yake, akanywa mpaka mwisho, na kwa mkono mwingine akanyoosha nywele zilizomwangukia Inoke kwenye paji la uso.

"Mbona haina sukari, Bwana Nukta?"

Inoke aliinua birika, akamjazia kikombe kilekile. Hakuuliza Luseane yuko wapi.