Mali ya Mjerumani Chini ya Ukuta wa Mama Semboja

Jamani wa Bungu, na ninyi mliotawanyika Korogwe mjini, Handeni na kwingineko, sogeeni. Haya sikusimuliwa. Niliyaona uani kwa jirani yangu.

Mkesha wa Krismasi ulikuwa mtulivu. Vijana wa tarumbeta walikuwa wakifanya mazoezi kanisani, ukungu umelalia migomba, nami nimekaa na Mama Semboja tukichambua mchele. Nyumba yake mnaijua, ile ya mawe iliyoachwa na Wajerumani wa misheni, imejishikiza kwenye mteremko, na kwenye pembe ya ukuta kuna jiwe lililochongwa msalaba. Mjane wa watu, huyo aliyeachwa na mzee Semboja, alikuwa akicheka peke yake. Mwanawe wa pekee, Habakuki, anayechimba dhahabu huko Handeni, alikuwa anarudi baada ya miaka mingi.

Pikipiki ikafika. Akashuka Habakuki na mgeni mwembamba aitwaye Sabiri, mfuko mrefu begani. Shikamoo haikutoka. Neno la kwanza lilikuwa, "Mama, lile jiwe la msalaba bado lipo?"

"Marahaba, mwanangu," Mama Semboja akajibu.

Nikainamia ungo nisicheke.

Sabiri akatoa kipimo chake cha madini, akakipitisha chini ya jiwe. Kikalia kama kifaranga kilichokanyagwa.

"Mali ya Mjerumani hiyo," akasema. "Walifukia wakati wa vita, wakaweka alama."

"Alama gani?" Mama akauliza. "Hapo chini kuna kipande cha reli. Habakuki, marehemu baba yako alikiona alipochimba mtaro. Ndicho kinachozuia ukuta usiteremke bondeni."

Habakuki akacheka kwa dharau. "Mjerumani ahangaike kufukia chuma cha reli? Mnalalia dhahabu mnakufa maskini! Au unamfichia nani?"

"Nimfichie nani, nami sina mwingine ila wewe?"

"Basi nipishe."

"Ukigusa pale, usiniite mama."

Ndugu zangu, mwenye masikio angeishia hapo.

Asubuhi ya Krismasi Habakuki akasema tumbo linamkata, hawezi kwenda kanisani. Mama yake akajifunga kitenge kipya, tukaondoka naye. Tulikuwa katikati ya wimbo niliposikia mshindo. Wengine wakadhani radi, maana mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Mama Semboja hakudhani. Alitoka mbio, sisi nyuma yake, vijana na tarumbeta zao mikononi.

Reli ilikuwa imelala kwenye matope, imeng'olewa. Ukuta wote ulikuwa chini, bati limefunika kitanda, mchele wetu umechanganyika na udongo. Habakuki alikuwa akipiga kelele, mguu umebanwa na lile lile jiwe la msalaba. Na Sabiri? Mwenye bodaboda alimpita kwenye mteremko wa kwenda Korogwe, kipimo begani, jogoo wa Mama Semboja kwapani!

Jiwe likakataa kunyanyuka kwa mikono.

"Chukueni reli," Mama akasema.

Vijana wakaichomeka chini ya jiwe, wakalibinua, mguu ukatoka. Hiyo ndiyo mali ya Mjerumani iliyomfaa Habakuki.

"Mama, nisamehe," akalia.

Mama akajibu, "Wenzako huja nyumbani kula Krismasi. Wewe umekula nyumba."

Akageuka, akaja kwangu. Hata leo yuko kwangu. Mimi napenda nyumba iliyojaa watu, lakini huyu hacheki tena. Krismasi iliyofuata Habakuki alikuja akichechemea, akasimama mlangoni kwangu.

"Shikamoo, mama."

Mama Semboja akaendelea kuchambua mchele. Nilisubiri niisikie ile marahaba. Haikutoka.

FUNZO

Ukirudi kwenu, salimia kwanza, hayo ya kuuliza kuna nini yatafuata. Mama amekaa kwenye nyumba ile umri wake wote. Anajua kila jiwe linashikilia nini, na wewe umefika jana na mgeni wa njiani. Nasi tunaokaa vibarazani kupamba hadithi za mali zilizofukiwa, tukumbuke kuna mtu anasikiliza huku ameshika jembe. Tamaa ikimwingia mtoto, huanza kumwona mzazi kama mlango uliofungwa, akauvunja. Ukuta unaweza kujengwa tena. Marahaba ya mama haichimbwi.