Mpangaji wa Mtutuni

Mtutu wa bunduki ulimiminiwa maji yaliyotoka kuchemka, ukabaki baridi. Idarus aliushika kwa kiganja kitupu, akabadilisha mkono, akaushika tena. Chuma hakidanganyi, ndivyo alivyozoea kusema. Siku ile hakusema.

Alikuwa fundi katika duka la bunduki la Mgoa mmoja katikati ya Nairobi, miaka ya Hali ya Hatari, ambapo risasi moja tu mfukoni mwa Mwafrika ilitosha kumpeleka kitanzini. Ndani ya duka alishika silaha kutwa nzima. Nje ya mlango ilikuwa heri hata asizitazame. Bunduki hii ya mdunguaji, iliyopigana vita vya Mjerumani, ilitakiwa na mzungu wa Karen aliyekusanya silaha kama wengine wanavyokusanya vikombe vya chai. Vita vyenyewe mzungu huyo alivisikia redioni tu. Kazi ya Idarus ilikuwa kuthibitisha kwamba ni ya kweli.

Ukweli wake haukuwa na uchawi. Namba ya darubini hupigwa chapa kwenye shingo ya kitako, na namba ya bunduki hupigwa kwenye kishikio cha darubini. Zikipatana, hao ni mapacha. Zilipatana. Lazarus Were, fundi mwenzake, mtu wa Busia aliyerudi hai kutoka vitani Bama, alizisoma mwenyewe kwa sauti kabla mzungu hajafika. Kilichobaki ni kuosha mtutu kwa maji ya moto, kama jeshini, ili mistari ya ndani ionekane vizuri.

Sasa, mtu wa pwani hamwagi maji ya moto kimyakimya. Husema Bismillahi, akawaomba wasioonekana wapishe, maana hujui nani kalala wapi. Idarus hakuwahi kusahau, na siku ile pia hakusahau. Ila mzungu alikuwa amesimama begani pake, na mara ya mwisho alimcheka, akamuuliza kama anaisalia birika. Basi Idarus akaona haya, akajitia usasa, akamimina bila kuisema. Mtutuni mkatoka harufu ya nywele zinazoungua, na sauti ya mtu avutaye pumzi kwa meno.

"Umesikia?" Were alinong'ona.

"Mvuke," alisema Idarus.

Jioni alipofika Kibera alimkuta mkewe, Mwanasiti, ambaye mimba yake ilikuwa imeshakomaa, amelala ubavu kwenye chumba kisichowashwa jiko tangu asubuhi, mgongo umemtutumka malengelenge kutoka shingoni hadi kiunoni kama aliyemwagiwa sufuria, na harufu ile ile ya nywele ikitoka mdomoni mwake kila alipohema, huku nyuma ya pazia, ambako hapakuwa na mtu, komeo la bunduki likivutwa na kurudishwa, likivutwa na kurudishwa, taratibu, kama mtu anayengoja ajibiwe.

"Anasema umemchomea nyumba," Mwanasiti alinong'ona. "Anauliza alale wapi."

Mwalimu Amin, msomaji wa Kurani wa mtaa wao, hakuleta mbwembwe. Aliuliza swali moja tu, kama Bismillahi ilisemwa, na Idarus akainamisha kichwa. Basi jini huyo aombwe radhi, mwalimu alisema, na arudishwe mtutuni mwake, mgonjwa akiwepo, kabla uchungu wa uzazi haujaanza. Bunduki haiwezi kuja Kibera; Mwanasiti ndiye atakayekwenda mjini. Tatizo lilikuwa moja: mzungu angekuja kesho yake, na akiambiwa tu kwamba ni ya kweli angeichukua.

Idarus aliamua kusema ni ya bandia, ili mzungu aiache dukani.

"Namba nilizisoma mimi," Were alimwambia asubuhi.

"Najua, ndugu yangu. Mwanasiti ananiondokea."

Were alifuta darubini muda mrefu. "Macho yangu yaliharibikia Bama," alisema hatimaye. "Kila mtu anajua."

Mwanasiti na mwalimu wakafichwa stoo ya nyuma, pamoja na chetezo cha udi. Mzungu alisikiliza hukumu ya Idarus, akawa mwekundu, kisha akacheka. Nani kati ya wageni wake angeinama kusoma namba kwenye kitako? Wao wataitazama ukutani, yeye atasimulia. Na kwa kuwa ni ya bandia, bei ishuke. Mgoa, asiyetaka duka lake lisemwe, alikubali upesi mno. Idarus alipotaka kupinga, bunduki ilikuwa tayari garini. Alitoka mbio hadi ukingo wa barabara, akasimama hapo hapo: askari wa pale kona alikuwa ameshageuka kumtazama mtu mweusi anayelikimbilia gari la mzungu lenye silaha. Gari likashika njia ya Ngong, likapotea.

Alirudi stoo. Moshi wa udi ulikuwa umetanda, na Mwanasiti ameketi wima, ametulia, malengelenge yamenywea. Kwa dakika nzima Idarus alifurahi. Kisha akamsikia mwalimu Amin akimuuliza jini kwa sauti ya chini: nyumba imekwenda, utakwenda wapi sasa?

Jibu lilitoka kwa kinywa cha Mwanasiti, kwa adabu zote za mgeni.

"Msijisumbue. Nimeshapata pa kukaa. Aliyekuwemo nimemwomba anipishe."

Idarus alilitazama tumbo la mkewe. Lilikuwa kimya. Halafu likasogea, polepole, kutoka upande mmoja hadi wa pili, kama mtu anayejinyoosha kwenye kitanda kipya.